Barua Imepokelewa

Nilimwaga kapu la maombi Jumapili, katikati ya ibada, kanisa likiwa limejaa.

Sikulidondosha. Nalisema hilo mapema kwa sababu mama mkwe wangu amekuwa akiwaambia watu kwamba liliniponyoka, kwamba nilikuwa sijala tangu jana yake na mikono ilikuwa inatetemeka. Anasema hivyo ili kunifichia aibu. Namshukuru, lakini si kweli. Nililishika kwa mikono miwili, nikaligeuza mbele ya madhabahu, nikalitikisa kama mtu anayekung'uta ungo, mpaka karatasi ya mwisho ikaanguka.

Mwinjilisti alikuwa ametuita mbele, mimi na binti yangu wa miaka minne. Nilikuwa nimembeba mgongoni kwa kitenge, ingawa umri wa kubebwa ulishampita, kwa sababu mguu wake wa kulia ulikuwa haukanyagi. Miguu ya mtoto wa miaka minne inaning'inia mpaka kwenye mapaja ya mama yake. Kila mtu aliweza kuuona ule uliofungwa kitambaa.

"Mtazameni mama huyu," mwinjilisti akasema. "Mwaka na zaidi mtoto anaumwa. Mmewahi kumsikia akinung'unika?"

Watu wakasema hapana.

"Mmewahi kumsikia akimuuliza Mungu kwa nini?"

Hapana.

"Basi hii ndiyo subira, wapendwa. Siyo ile ya kusimuliwa. Hii hapa imesimama mbele yenu." Kisha akaingiza mkono ndani ya kapu, akatoa bahasha, akaiinua juu ili hata waliokaa nyuma waione. "Na hitaji lake ni hili. Limekaa mbele za Bwana tangu siku lilipopokelewa. Halijatoka, na halitatoka mpaka litoke na ushuhuda."

Bahasha ilikuwa ya kaki. Kwenye kona ilikuwa na doa la mafuta ya kula. Doa lile nalijua, nililitia mwenyewe jikoni kwangu Handeni, siku nilipoiweka mezani bila kuangalia. Na juu yake palikuwa na mwandiko wa tabibu wa kituo chetu cha afya: RUFAA, KWA DAKTARI WA MIFUPA.

Kwa miezi saba nilikuwa nangoja hospitali iniite kwa barua ile.

Vilivyoanguka kutoka kwenye kapu vilikuwa vingi. Picha ndogo za watu nisiowajua. Namba ya mtihani ya mtoto wa mtu. Barua za kuomba kazi. Cheti halisi cha ndoa, kimekunjwa mara nne. Funguo, risiti, kipande cha gazeti. Mwinjilisti alibaki ameinua bahasha yangu vilevile, kama mtu aliyeambiwa aishike mpaka mwenyewe arudi. Nikaichukua. Sikumnyang'anya. Aliiachia.

"Mama," binti yangu akaninong'oneza kutoka mgongoni, "karatasi zimemwagika. Nishushe nikuokotee."

Hapo ndipo nilipoanza kulia, na watu wakadhani nimepandwa na pepo. Mama mmoja wa safu ya mbele akasimama akaanza kukemea kwa nguvu, "Toka! Toka! Nasema toka!"

Nikatoka kweli.

*

Ugonjwa wenyewe ulianza kama mchezo. Binti yangu alikuwa na miaka miwili na kitu. Aliruka kutoka kwenye kizingiti cha mlango, akalia, akanyamaza, tukasahau. Baada ya siku chache mguu ukavimba chini ya goti, ukawa wa moto. Homa ikapanda. Dukani tukapewa dawa ya malaria, homa ikashuka, ikarudi. Kituo cha afya wakapasua jipu, usaha ukatoka, nikamshukuru Mungu nikijua yamekwisha. Kidonda kikafunga. Kikafunguka. Kikafunga tena. Nikajifunza kukisafisha mwenyewe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Nikaijua harufu yake kiasi kwamba asubuhi, kabla sijafunua kitambaa, ningeweza kukuambia kama leo kimetoa au hakijatoa.

Kilipomaliza mwaka, tabibu wa kituo, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, akakibonyeza pembeni kwa kidole gumba, mtoto akapiga kelele, naye akasema, "Hili si la ngozi tena. Ni la mfupa." Akaandika barua.

"Usiipoteze hii, mama. Yule daktari wa mifupa hakai pale hospitali ya Korogwe. Anakuja kila baada ya miezi mitatu, na anaona walioandikwa tu. Bila hii hawakuandiki."

Nilikwenda Korogwe Ijumaa, nikafika dirishani mchana. Dada wa mapokezi akaniambia wagonjwa wa mifupa wanaandikishwa Jumanne asubuhi peke yake. Huku Handeni nilikuwa nimeacha mahindi yanazidiwa na magugu, na mume wangu yuko kwenye kibarua cha mkonge kule Hale, harudi mpaka mwisho wa wiki, na si kila wiki. Mama yake anakaa Masuguru, kutoka hapo mpaka hospitali ni mwendo wa miguu tu. Nikampa bahasha kwa mikono miwili.

"Mama, naomba Jumanne unipelekee hii."

"Usiwe na shaka, mwanangu. Ni ya mke mwenzangu, nitaiachaje?" Ndivyo anavyomwita mjukuu wake, mke mwenzangu, na mtoto humjibu, "Mume ni wangu, wewe mzee," wote wawili wanacheka.

Mimi nikarudi shambani. Kati ya Ijumaa na Jumanne kuna Jumapili, na hapo ndipo miezi saba ya mwanangu ilipopotelea.

Jumatano nikampigia simu.

"Mama, shikamoo. Barua vipi?"

"Marahaba. Imepokelewa, mwanangu. Imepokelewa vizuri sana."

"Wamesemaje?"

"Wamesema tusubiri."

Sasa wewe niambie. Kama ungekuwa mimi, ungesikia nini katika maneno hayo?

*

Niwaeleze wasiolijua kapu lile. Lipo mbele ya kanisa la pale Korogwe, la ukindu, kubwa, limefungwa utepe mweupe. Mtu mwenye hitaji anaandika kwenye karatasi anatia humo, na wanaoombea wanaliombea. Hilo halina ubaya. Lakini watu walianza kuona kwamba kuandika tu hakutoshi. Anayetaka kazi akaweka barua yenyewe ya kazi. Mwenye mgogoro wa ndoa akaweka cheti chenyewe. Ikawa kama kwamba Mungu anataka kuona vielelezo halisi. Na desturi ikazaliwa, sijui nani aliianzisha: kilichoingia kapuni hakitoki mpaka kijibiwe. Ukijibiwa unakwenda mbele, unatoa karatasi yako mwenyewe, unashuhudia, watu wanapiga vigelegele. Ukiitoa kabla, umemwambia Mungu umechoka kumngoja.

Mimi kwetu kijijini tunasali kwenye kanisa dogo lisilo na kapu. Pale Korogwe nasali nikienda kwa mama mkwe tu. Kapu nilikuwa naliona kama unavyoona maua ya madhabahuni. Halikunihusu.

Kilichonihusu ni jina. Kila Jumapili walisoma majina ya wagonjwa, na mama mkwe alinirekodia kwa simu, ananitumia sauti. Nasikia kukohoa, nasikia viti, kisha nasikia jina la mwanangu likisomwa taratibu, na kanisa zima linajibu. Nitakuwa mwongo nikisema halikunipa nguvu. Nilikuwa nairudia ile sauti nikipika. Kanisani jina lake lilisomwa kila wiki. Hospitali halikuitwa hata mara moja, nami nikadhani zamu haijafika.

Nilikwenda kuuliza, sikukaa tu. Nilikwenda mara mbili. Dada wa mapokezi ni yuleyule, ana tabia ya kukujibu huku akipanga kitu kingine.

"Nimekuja kuulizia mgonjwa wa mifupa."

"Barua ilishapokelewa?"

"Ndiyo, ilipokelewa."

"Basi subiri, utapigiwa."

Mara ya pili maneno yalikuwa yaleyale, ila aliongeza "dada". Daftari lilikuwa mbele yake, chini ya kiwiko. Hakulifungua. Na mimi sikumwambia alifungue. Kanisani waliniambia subira. Hospitali waliniambia subiri. Tofauti ni herufi moja ya mwisho, nami nikayachukua kama neno moja, nikadhani kadiri ninavyokaa kimya ndivyo imani yangu inavyokuwa kubwa.

Jirani yangu wa Handeni ndiye pekee aliyeuliza swali la maana. Ni mama mtu mzima, Mzigua, Mwislamu, tunachota maji bomba moja.

"Barua ilipokelewa na nani?"

"Hospitali."

"Wakakupa nini?"

"Hawakunipa kitu."

"Hata kikaratasi? Mimi nikipeleka mbuzi mnadani napewa kikaratasi. Mbuzi!"

"Aliyepeleka ni mama mkwe."

"Haya, basi nenda ukaone kwa macho yako."

Nikamjibu neno ambalo hadi leo linanichoma. Nilimwambia, "Wewe huwezi kuelewa, sisi tunaamini."

Akajitwika ndoo yake. "Na mimi naamini, mwanangu," akasema. "Ila naangalia."

Nikakasirika siku nzima. Nilimkasirikia yeye!

Mwezi wa nne wa kungoja, kidonda kilifunga. Kilifunga kabisa, pakawa na ngozi mpya ya kung'aa. Mtoto akaanza kukanyaga kwa ncha za vidole. Mama mkwe alilia kwenye simu, sauti ya wimbo wa kanisani ikaja, nami nikaimba peke yangu jikoni. Nilijiambia, hata hospitali wasipoita, sihitaji tena. Wiki tano baadaye niliamka nikaisikia ile harufu. Hata sikufunua kitambaa. Nilikaa chini kando ya kitanda.

Mtoto akaniuliza, "Mama, Yesu amerudisha?"

Nikainuka kwenda kuchemsha maji ya chumvi.

*

Baada ya lile la kanisani nilimkuta mama mkwe amekaa uani kwake Masuguru, kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alikuwa ametangulia kutoka, kwa aibu. Nikamshusha mtoto kwenye mkeka.

"Umeniua," akasema bila kuniangalia.

"Mama, kwa nini hukuipeleka?"

"Niliipeleka."

"Hospitali, mama."

"Nilianza kwa mwenye hospitali zote." Akafuta uso na ncha ya kanga. "Nilisema iombewe Jumapili, Jumanne niende nayo. Jumatatu nikamfuata mwinjilisti anirudishie. Akaniuliza, mama, umeshajibiwa? Nikasema bado. Akaniuliza, sasa unaitoa kwa ushuhuda gani? Nikaona haya."

"Ukaona haya miezi saba?"

"Kila Jumapili haya ilikuwa inaongezeka." Ndipo akaniangalia. "Ningeanzia wapi kukuambia? Wewe ulikuwa unanishukuru."

"Uliniambia imepokelewa."

"Sikusema uongo."

"Mtoto atakuwa kiwete, mama!"

Akaziba mdomo wake kwa mkono. Mimi niliyesema nikaogopa zaidi yake, kwa sababu lile neno nilikuwa sijawahi kulitamka, na mtoto yuko pale anasikia. Binti yangu akatuangalia mmoja mmoja. "Bibi," akasema, "kuna uji?"

Mama mkwe akainuka akaenda kukoroga uji. Huyu ndiye mwanamke ambaye tukiwa kwake anamlaza mtoto kitandani kwake na yeye analala chini. Ameusafisha mguu ule mara nyingi kuliko baba yake. Ningekuwa na adui ningejua la kufanya. Nilikuwa na bibi wa mtoto, anapuliza moto huku analia.

Nikampigia mume wangu Hale, nikamweleza yote. Akasema, "Mama hakukusudia."

"Najua hakukusudia. Sasa hiyo nikaifunge kwenye kidonda?"

Jioni ilipoanza kuingia, nikikunja kitenge cha kumbebea mtoto, ufunguo mmoja ukaanguka kutoka kwenye pindo. Ulikuwa wa kapuni. Nikautia ndani ya bahasha yangu.

*

Jumanne nilikuwa wa kwanza dirishani.

"Barua ilishapokelewa?" dada akauliza, huku akipanga mafaili.

"Haijapokelewa. Ninayo hapa."

Akaisoma, akasoma tarehe. "Mbona ya zamani hivi? Ulikuwa wapi muda wote huu?"

"Nilikuja hapa mara mbili. Uliniambia nisubiri."

"Mimi?"

"Wewe."

"Utakuwa ulisema imepokelewa."

"Nilisema. Ungefungua daftari."

"Na wewe ungejua barua yako iko wapi," akasema.

Nilitaka kumrukia. Wakati huohuo nikajua amesema kweli, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Akaandika jina la mwanangu kwenye daftari, akapiga muhuri kwenye barua. Nikasimama nikitazama wino ukikauka. Kazi yote ilikuwa ya muda mfupi kuliko kumfunga mtoto viatu.

Daktari wa mifupa alikuja baada ya wiki mbili. Akauangalia mguu, akaangalia picha ya mfupa kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha kwa kalamu. Ndani ya mfupa kulikuwa na kipande kimekufa, kimekaa kama jiwe ndani ya ugali. "Hiki ndicho kinachotoa usaha. Kidonda kikifunga juu, huku ndani kinaendelea. Lazima tukitoe."

"Daktari, ule mwezi kidonda kilipofunga, hakikuwa kimepona?"

"Hapana, mama. Kilifunga mlango tu."

"Tungekuja ile mara ya kwanza, miezi saba iliyopita?"

Akaweka picha chini. "Siwezi kukuambia. Labda kipande kingekuwa kidogo. Labda kingekuwa hikihiki." Kisha, kama mtu anayenipa zawadi, akasema, "Ila mmebahatika. Usaha haujaingia kwenye goti wala haujagusa sehemu ya juu ambako mfupa unakulia. Kwa muda wote huu, mara nyingi unakuwa umeshafika. Sijui umezuiliwa na nini."

Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma yangu. Sikugeuka, lakini nilimsikia akivuta pumzi, na nilijua anachotaka kusema, naye alijua asithubutu kusema.

Hapo ndipo nimekwama hadi leo. Walioombea ndio walioificha barua. Na kama maombi yale ndiyo yaliyolinda goti, basi mkono mmoja ulimlinda mwanangu na mkono mwingine ulimzuia asitibiwe, na mikono yote miwili ni ya watu walewale, siku ileile, kapu lilelile. Au hakuna kilicholinda, ni bahati tu, na mimi niliimba jikoni kwa ajili ya ngozi iliyofunika usaha. Siku nyingine naamka na jibu moja, nikifika mchana nina lingine. Nikipiga magoti sijui kama nimshukuru ninayemsemesha au nimdai maelezo. Ninayafanya yote mawili kwa mkupuo.

Walimpasua. Tukakaa wodini wiki nyingi. Mama mkwe alikuja kila asubuhi na uji kwenye chupa ya chai. Hatukuwa na mazungumzo. Tulikuwa tunapokezana mtoto tu, yeye anampakata mimi nakwenda kufua, mimi nampakata yeye anaosha vikombe.

Mwinjilisti naye alikuja siku moja, amebeba machungwa. Alisimama mwisho wa kitanda, amekonda kidogo nilivyomwona.

"Naweza kuomba?"

"Omba," nikamwambia. "Lakini usiinue kitu."

Akaomba mikono yake ikiwa nyuma. Alipomaliza, binti yangu akamwuliza kama karatasi zote ziliokotwa. Akasema ndiyo, isipokuwa ufunguo mmoja.

*

Tuliporudi Masuguru nikaletewa wito. Wazee wa kanisa watatu walikaa ofisini, mimi nikapewa kiti cha plastiki. Niliwaamkia, wakaitikia vizuri, nikawekewa na maji ya kunywa.

"Binti yetu," mkubwa wao akaanza, "tumefurahi mtoto ametibiwa. Sasa lile kapu ni kitu kitakatifu. Tunaomba Jumapili usimame, uombe radhi mbele ya washarika, mambo yaishe."

"Nitaomba radhi kwa kumwaga. Na kwa barua, ataomba radhi nani?"

Wakaangaliana.

"Hayo ni mambo ya ndani ya familia, wewe na mama mkwe wako."

"Mama mkwe alikuja kuitaka Jumatatu. Akanyimwa."

"Hakunyimwa. Aliulizwa tu."

"Basi na mimi nauliza tu. Mguu ukibaki mfupi, mtoto atatoa ushuhuda gani?"

Mzee mmoja akakuna kidevu. Yule mkubwa akainama mbele, kwa upole wa kweli, mimi sisemi alikuwa na ubaya, akaniambia, "Mwanangu, uwe na subira."

Nikasimama. Nikanunua karatasi mbili za fulskepu dukani, nikaandika barua ya malalamiko mezani kwa mama mkwe. Alinisikia nikiyasoma maneno kwa sauti ya chini. Nilipofika penye kumtaja nikasita, na yeye akasema kutoka jikoni, "Niandike. Ila andika pia kwamba Jumatatu nilikwenda." Nikaandika.

Katibu wa usharika akaisoma yote akiwa amesimama. "Sawa mama, nimeipokea."

"Piga muhuri kwenye nakala yangu."

"Mama, huniamini?"

"Nakuamini. Piga muhuri, na uandike imepokelewa wapi."

Akapiga. Hospitali nayo nikaenda. Yule dada akanionyesha sanduku la maoni ukutani, nikakataa, nikangoja mpaka nakala ikapigwa muhuri dirishani. Hii ndiyo barua yenyewe, kama ilivyo:

Kwa Baraza la Wazee wa Usharika.

Nakala: Mganga Mfawidhi wa Hospitali.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU BARUA YA RUFAA YA MTOTO WANGU KUKAA KWENYE KAPU LA MAOMBI MIEZI SABA

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza. Mimi ni mama wa mtoto ambaye jina lake mnalisoma kila Jumapili katika orodha ya wagonjwa.

Barua halisi ya rufaa iliwekwa kapuni na bibi wa mtoto, kwa nia njema. Siku iliyofuata alikwenda kuiomba ili aipeleke hospitali. Aliulizwa anaitoa kwa ushuhuda gani, akarudi mikono mitupu. Daktari wa mifupa alikuja mara mbili katika miezi hiyo na mtoto hakuonwa. Nalalamikia swali lile. Mgonjwa asiulizwe ushuhuda ndipo apewe karatasi ya matibabu.

Naomba kapu lifunguliwe mbele ya wazee, na kila karatasi halisi irudishwe kwa mwenyewe: cheti, barua, namba ya mtihani. Mtu akitaka kuombewa aandike kwa mkono wake au atoe kivuli cha karatasi, halisi abaki nayo. Naomba itangazwe ibadani, siyo kwenye kikao.

Kwa upande wa hospitali, nililalamika kwa mdomo na sasa naandika. Niliulizia mara mbili na mara zote daftari halikufunguliwa. Naomba anayeulizia aonyeshwe jina lake kwenye daftari, na anayeleta barua apewe kikaratasi cha kupokelea. Hata mnadani kinatolewa.

Mimi nina kosa. Sikuomba kuona kwa macho yangu. Nilipenda kuambiwa nina subira. Kwa kumwaga kapu naomba radhi kwa wenye karatasi, na nitaiomba kwa mdomo Jumapili barua hii ikishasomwa, siyo kabla.

Hali ya mtoto: mfupa uliokufa umetolewa. Anatembea kwa kushika ukuta. Daktari anasema tutajua akiwa anakua kama mguu utalingana na mwenzake.

Jina lake liendelee kusomwa. Sijaliondoa kwenye orodha na asiliondoe mtu. Sijui linafanya nini, ila lisomwe.

Nataka majibu kwa maandishi ndani ya wiki mbili. Msinijibu kwa simu.

Ufunguo ulioanguka kutoka kapuni ninao mimi, ni mdogo, una uzi mwekundu. Mwenyewe aje auchukue Masuguru kwa bibi wa mtoto, hahitaji kushuhudia kitu.

Ni mimi, mama wa mtoto.